Pipa la Muramu

Siku tuliyomzika Muramu, bomba la nyumbani kwa dada yangu halikuwa na maji, na hilo halikumshangaza mtu. Wazee walikuwa wamejifungia chumbani na marehemu ili wamwoshe. Mmoja akatoa kichwa mlangoni, akatuuliza sisi wanawake tuliokaa kwenye mikeka maji yako wapi. Yaya Odile, dada yangu, mjane wa tangu jana yake, hakuinua uso. "Feza anajua," alisema. "Aende kuchota ku pipa." Nikachukua ndoo, nikazunguka nyumba, nikalikuta pipa chini ya mparachichi, limeliwa na kutu ubavuni lakini bado limesimama. Siku hizi linapokea maji ya mvua kutoka kwenye mfereji wa bati. Samaki tuliofuga hapo waliisha zamani, na pale palipokuwa bwawa lao sasa pana tuta la lengalenga, ule mchicha wetu. Nikakinga ndoo chini ya mrija. Maji ya pipa lile hayajawahi kuwa na haraka. Yanadondoka kama mtu anayefikiri kabla ya kusema, na aliyekinga ndoo hana la kufanya ila kusubiri. Nikasubiri, na mwaka niliokaa nao ukanirudia.

Kwetu Katanga mume wa dada yako ni muramu wako, na wewe ni muramu wake, na baina yenu kuna utani usio na likizo. Ningeweza kumwambia mbele ya watu kwamba tumbo lake linafika sebuleni kabla yake, kwamba dada yangu alimchukua kwa huruma, naye angeniita bibi mudogo, mke wake mdogo, na kuniuliza nimempikia nini. Hakuna kukasirika. Anayekasirika ndiye anayechekwa. Niliishi kwao Likasi mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa, katikati ya ile miaka ya tisini iliyotuvunja migongo, na mwaka huo utani ulikuwa chakula chetu cha kwanza, maana cha pili hakikupatikana kila siku. Watu huniuliza nilisoma wapi, nilifunzwa na nani. Huwa nawatajia shule. Lakini nilichojifunza kuhusu kusema na kunyamaza nilijifunza nyuma ya nyumba ile, nikiwa na ndoo mkononi.

Mji ulikuwa umenyamaza. Moshi wa kiwanda cha shaba, ule uliokuwa ukitoboa nguo kwenye kamba na kutukereketa koo, ulikuwa haupandi tena, na akina mama waliokuwa wameulaani maisha yao yote walitoka nje asubuhi wakautafuta angani. King'ora cha zamu kiliendelea kulia, sijui kwa nini. Muramu alikuwa fundi bomba wa kampuni, na kila kilipolia aliondoka na nguo yake ya kazi, ya bluu, iliyopigwa pasi, akaenda kukaa na wenzake kwenye ngazi za karakana, akarudi akisema leo kulikuwa na kazi nyingi ya kukaa. Mshahara ulikuwa hadithi. Posho ya unga na samaki wa chumvi ilikuwa imekatika. Sebule yao naikumbuka kuliko sura zao za wakati ule: viti vyenye vitambaa vya kufuma mgongoni, picha ya Bikira Maria, na friji kubwa jeupe ambalo umeme ulikuwa umelisusa, yaya akaligeuza ghala la makaa. Mgeni akiingia alifikiri tuna vinywaji baridi. Hata leo nikisikia mlango wa friji ukijifunga kwa ule mlio wake mzito, naona mikono ya dada yangu imetoka humo ikiwa myeusi.

Mtoto wao Kalenga alikuwa na miaka mitatu. Nilipofika alikuwa anakimbia. Miezi michache baadaye alikuwa anakaa tu. Nywele zake zilianza kuwa nyekundu na nyepesi kama ndevu za mahindi, mashavu yakavimba hata watu wasiojua wakasema amenenepa, na miguu ikawa mizito. Kila asubuhi yaya alimkalisha mlangoni penye mwanga, akambonyeza mguu kwa kidole gumba, akaangalia shimo linavyochelewa kujaa. Nami nilijifunza kusoma asubuhi nzima kwa jinsi alivyosimama baada ya hapo. Tulimpeleka zahanati. Nesi, mwanamke mkubwa aliyechoka, alimtazama Kalenga, kisha akatutazama sisi. "Mama, minye sina dawa ya huyu mutoto," alisema. "Dawa yake iko mu sahani. Samaki, mayai, maharagi. Nikikupa sirop, nitakuwa nakudanganya." Tulirudi kwa miguu, yaya amembeba mgongoni, na njia nzima sikupata utani wowote.

Muramu alisikia habari hiyo amesimama. Kesho yake hakwenda kwenye king'ora. Alichimba bwawa chini ya mparachichi, akalisiliba kwa udongo wa kichuguu, akalijaza maji ya mvua, kisha akapanda baiskeli hadi Kapolowe, ziwani, na kurudi na vifaranga wa tilapia ndani ya bidoni, dumu la maji. Njiani, kila alipoona wanapumua juu juu, alisimama, akaingiza mpira wa pampu ya baiskeli kwenye maji na kuwapulizia hewa. Alifika amejaa vumbi, macho mekundu, anacheka. "Bibi mudogo," aliniambia, "toka leo tuko na batoto mingi mu nyumba." Nikamjibu kwamba angalau hao hawatakuwa na pua yake. Wengi waliishi. Walikula mchwa, pumba, na majani ya matembele tuliyoyakata kata. Wiki baada ya wiki walikua, na sisi tulikuwa tunawatazama wao, halafu tunamtazama Kalenga, tunapima kama watanenepa kabla yeye hajazidiwa. Kisha joto lilipozidi maji yakawa mazito na ya kijani kama supu ya mboga, yakanuka, na asubuhi samaki wote walikuwa juu, midomo wazi, wakiomba hewa. Maji ya kubadilisha hatukuwa nayo. Bomba lilitoa maji lilipojisikia.

Ndipo Muramu akasema atatengeneza kichujio. Pipa lilikuwa la jirani zetu, waliokuwa wamefukuzwa, wakapanda treni ya kwenda kwao Kasai na kutuachia vitu vyao. Mama wa nyumba ile aliligonga pipa kwa kiganja siku ya kuondoka, akasema tumtunzie, na kila nilipolitazama nilimsikia. Muramu alilitoboa chini, akaliinua juu ya matofali ukingoni mwa bwawa. Akalifungia kipande cha bomba la shaba ili maji yadondoke kutoka juu na kuingiza hewa bwawani. Ndani aliweka mawe, juu yake makaa yaliyopondwa, juu yake mchanga wa mtoni uliooshwa. Ilibaki kitambaa cha kukamata takataka za juu, kizito, kisichooza upesi. Akaingia ndani akatoka na nguo yake ya kazi. Yaya aliyekuwa anachagua mboga alisimama. "Ile hapana," alisema. "Na kazi ikirudia, utavaa nini?" Muramu alikuwa ameshashika mkasi. "Ikirudia, batanipa ingine." Akakata mgongo wa ile nguo, mahali palipokuwa na namba yake, na yaya akaingia jikoni akafunga mlango. Nilibaki katikati yao nimeshika sindano na uzi.

Mawe ninayoyasema hayakuwa mawe ya hivi hivi. Yalikuwa yale ya kijani, ya shaba, yaliyotoka kwenye mashimo, yenye mistari kama ya kitambaa. Likasi nzima ilikuwa nayo. Tulizungushia maua, tulizuia milango isipigwe na upepo, watoto walichezea, na nyumba isiyo na hata moja tuliiona haina mwenyewe. Kokoto za kawaida zilikuwepo barabarani, lakini nani angeweka kokoto za barabarani penye kazi nzuri kama ile? Muramu alichagua yaliyo mazuri kuliko yote, akayaosha moja moja. Hata yaya alitoa lile lililokuwa linazuia mlango wa chumba chao. "Shaba njo inatulisha hapa toka ba tata na ba mama," Muramu alisema akiyapanga. "Italisha na samaki." Sikuona kosa lolote kwenye maneno hayo. Yalikuwa kweli tupu. Sote tuliokuwa pale tulikuwa tumelishwa, tumevishwa na kubatizwa kwa shaba.

Kazi ya kumimina ilikuwa yangu. Asubuhi na jioni nilichota maji bwawani kwa ndoo, nikapanda kwenye kigoda, nikamimina juu, nikashuka, nikachota tena. Mabega yaliniuma mpaka nikashindwa kusuka nywele. Lakini maji yakaanza kutakata. Ukijani ulikwenda, harufu ikaisha, na asubuhi moja tukaona chini kabisa, tukaona majani ya mparachichi yamelala kwenye udongo na samaki wanapita juu yake na vivuli vyao. Kipya kinyemi. Watu wa mtaa walikuja kutazama bwawa kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga, wakachuchumaa, wakasema "Vraiment, Baba Kalenga, weye uko fundi." Muramu, aliyekuwa amekunja mabega miezi yote, akayakunjua. Usiku huo niliwasikia kupitia ukuta. "Hii njo kitu moja yenye ninaweza," alimwambia yaya. "Ikikosa, minye niko nani mu hii nyumba?" Yaya alimjibu kwa sauti ya chini sana, sikusikia. Ningefurahi kama nisingesikia lolote.

Konokono ndio walianza. Walipanda ukingoni na kukauka. Kisha samaki mmoja akaelea, tukasema ni uzee, ingawa alikuwa na miezi michache. Kisha wawili. Muramu akasema maji bado hayajasafika vizuri, niongeze ndoo. Nikaongeza. Nilimimina na mchana pia, kwenye jua, maana mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa natapatapa kwa niaba ya nyumba nzima. Kadiri nilivyomimina ndivyo walivyokufa. Maji yalikuwa mazuri kiasi cha kunywa, na ndani yake samaki walikuwa wanazunguka wakijisugua ubavu kwenye udongo, kisha wanalala upande. Yaya hakutupa hata mmoja. Aliwakaanga wakiwa bado wana mwili laini, akachambua miiba kwa vidole, akachanganya na bukari, ugali wa Kalenga. Sisi wengine tulikula lengalenga. Nilikuwa nakaa mkabala na yule mtoto, namwangalia anavyofungua mdomo, na nilikuwa naogopa kitu nisichojua jina lake.

Jina lake nililipata jikoni. Siku maji yalipokuwa bado ya kijani, yaya alikuwa amechota samaki wachache akawaweka kwenye beseni nyuma ya mlango, na maji yao yale yale machafu, wamsubiri Kalenga siku ya njaa zaidi. Karibu tukawasahau, tukawa tunawatupia pumba tu. Asubuhi hiyo nilitoka bwawani nimeshika samaki waliokufa, nikafungua mlango wa jikoni, nikawasikia wale wa beseni wanapiga mikia. Walikuwa wazima, wanene, wana kelele, kwenye uchafu ule. Nilisimama na maiti mkononi na wazima miguuni. Wale wa maji mabaya walikuwa wanaishi. Wale wa maji yetu mazuri walikuwa wanakufa. Na mtoto alikuwa anakula kutoka kwenye maji mazuri. Nikamwambia yaya. Aliangalia beseni. "Usimwambie muramu yako," alisema. "Utamuua." Nikauliza, "Na Kalenga?" Akachukua wale samaki mkononi mwangu, akawatazama, akaanza kuwaparua magamba kama mtu anayeota. Nilimwogopa dada yangu siku ile, na nilimhurumia, vyote kwa pamoja.

Mchana ule tulikaa mezani. Bukari ilikuwa katikati, ndogo. Samaki walikuwa kwenye sahani ya Kalenga. Muramu alikuwa anaeleza kwamba ataongeza pipa la pili. Yaya akafinyanga tonge, akalibandika nyama ya samaki, akalipeleka mdomoni kwa mtoto, na mkono wangu ukaenda wenyewe ukamshika kifundo cha mkono. Wote wakanitazama. Sikuwa na njia nyingine ya kusema na mwanamume yule isipokuwa ile tuliyopewa, basi nikacheka, nikasema, "Muramu, siku nitakufa, tafazali, usiache banisafishe na maji ya pipa yako. Ile maji inasafisha sana. Inasafisha mpaka na benye kuwa ndani."

Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza. Tonge lilikuwa bado hewani, mkononi mwa yaya. "Sema muzuri," Muramu akasema taratibu, bila kuniita jina lolote. Nikasema vizuri. Nikamwambia habari ya beseni, ya konokono, na kwamba vifo vilianza na yale mawe, shaba yake inaingia majini. Nilipomaliza, Muramu alinawa mkono ingawa alikuwa hajala, akavuta sahani ya mtoto kutoka mbele yake, akatoka nayo, na tukamsikia anachimba chini ya mparachichi, anawafukia wale samaki. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mimi niliusubiri mshindo huo siku zote zilizofuata. Alinipita jikoni kama anayepita kiti. Hakuniita bibi mudogo. Nilikunja nguo zangu kwenye begi, nikalisukuma chini ya kitanda, na kila usiku nilisali Kalenga asitapike, asiumwe tumbo, asife kwa mikono yetu wenyewe. Yaya aling'oa vitambaa vyote vya viti, akabadilishana na akina mama wa Kapolowe, wakampa maharagwe. Viti vilibaki uchi. Hakuna aliyevikalia.

Asubuhi moja niliamshwa na kishindo cha mawe yanayoporomoka. Nilitoka mbio bila kufunga kanga vizuri. Muramu alikuwa amelilaza pipa, mawe ya kijani yametapakaa kwenye nyasi, na bomba la shaba limeng'olewa. Alikuwa ameketi chini, mbele yake rundo la matofali, yale ya udongo wa kichuguu aliyokuwa ameyaweka tangu Kalenga azaliwe kwa ajili ya kumjengea chumba akikua. Alikuwa anayavunja kwa nyundo, vipande vidogo vidogo, uso umejaa vumbi jekundu. Akaniona. "Bibi mudogo!" akapaza sauti. "Unalala mpaka saa hii? Kuya hapa. Weye njo contrôleur, mukubwa ya hii maji, minye niko mutumishi tu." Nikakaa chini nikalia kwa sauti, kwa nafuu, bila aibu, naye akaendelea kupiga nyundo na kusema huyu contrôleur gani wa kulilia matofali. Vile vipande akavijaza pipani badala ya mawe, na havijatoka humo mpaka leo.

Bwawani hakubaki hata samaki mmoja. Tulikausha, tukakwangua, tukangoja mvua, na uhai wote wa mpango ule ukawa ndani ya beseni moja nyuma ya mlango wa jikoni. Tuliliruka kwa heshima zaidi kuliko tulivyopita mbele ya Bikira Maria. Kalenga, ambaye hakuweza kwenda mbali, alikaa kando yake kutwa. Siku moja alipiga kelele, "Mama! Samaki inatapika batoto!" Yaya aliposikia neno kutapika aliangusha sufuria. Tulifika tukamkuta mtoto mzima, ameinama juu ya maji, na samaki mmoja jike amefungua mdomo, wanatoka humo vijisamaki kama punje za ulezi, wengi. Mtoto alipotia kidole, wote wakarudi mdomoni kwa mama yao, naye akaufunga. Muramu alipiga magoti. Akachungulia kwa muda, kisha akamwambia yaya kwamba huyo mama anajua kutunza vitu kuliko sisi. Mawe ya kijani aliyarudisha mlangoni na kwenye maua, yote. Hakuyachukia. Alisema tu kwamba kila kitu kina mahali pake.

Mvua zilipokuwa zinaisha samaki wapya walikuwa upana wa kiganja, na maji yalikuwa ya kijani kidogo, yenye konokono. Asubuhi moja yaya alimbonyeza Kalenga mguu mlangoni, akasubiri, akabonyeza tena. Kisha akapasua nywele zake kwa vidole na kuniita. Chini ya zile nyekundu zilikuwa zinaota nyeusi.

Ndoo ya kuoshea marehemu ilijaa. Niliibeba hadi mlangoni, na aliyeipokea alikuwa Kalenga, ameingia asubuhi ile kutoka Kolwezi, mwanamume mwenye ndevu anayeinama kupita mlango wa baba yake. Walimwosha Muramu, wakamvika suti, wakamleta sebuleni. Kwetu, kabla ya kufunga jeneza, muramu anaachiwa nafasi, kwa maana utani haumalizwi na kifo peke yake. Wakaniita. Nilisogea. Uso wake ulikuwa umetakata. Kama siku ile mezani, nilijua njia ni ile moja.

"Muramu," nikasema kwa sauti ya kusikika na wa nje, "usiogope. Hii maji yenye balikusafisha nayo, ilipita mu matofali."

Watu hawakuelewa. Mabega ya Yaya Odile yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, amekamata ukingo wa jeneza kwa mikono miwili, anacheka mpaka machozi yakawa ya aina nyingine. Kalenga akamshika. Mimi nilibaki pale nilipo, nimeinamia uso ule, nikisubiri kwa mazoea tu aniite bibi mudogo.